Nilivyoshtakiwa na marehemu wa ajali ya basi, kesi ikasikilizwa jikoni kwa bibi, Vudee

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo vipi, na nyie mnaochungulia bila ku-log in karibuni pia.

Hiki ninachoandika nimekaa nacho miaka mingi. Sina sababu ya kudanganya. Nimestaafu, sigombei udiwani, wala sina dawa ya kuuza. Atakayeona ni chai apite tu, nyuzi ziko nyingi humu.

Kilichonichokoza ni video aliyonitumia binti yangu juzi WhatsApp. Huko ughaibuni kuna watu wa zimamoto, wa ambulance na askari ambao wameona vifo mpaka akili imegoma, na sasa wanatibiwa kwa dawa za kuona maono. Mtu analazwa kwenye kochi, anafunikwa macho, mtaalamu anakaa pembeni mpaka arudi.

Binti akaandika chini yake: "Baba, ona maajabu ya wazungu."

Nilicheka peke yangu mpaka mama yake akaja kuuliza kulikoni. Maana hayo maajabu mimi niliyapitia milimani Upareni, kwa kina mama yake, nimekaa kwenye kigoda, moshi machoni na sufuria ya makande inachemka pembeni. Na huyo binti alikuwepo siku hiyo, ila alikuwa mchanga.

Twende taratibu.

Mimi si Mpare. Baba yangu alikuwa Mbena, alikuja Makanya kukata mkonge kama manamba, nikazaliwa kambini. Nilipokua nikaajiriwa mhudumu wa gari la wagonjwa kwenye hospitali moja pale Same. Msidhani ni ambulance hizi za king'ora na oksijeni. Ilikuwa Landrover. Kazi yangu ilikuwa kubeba machela, kuosha damu, na kuisukuma ikigoma kuwaka.

Waliokuwepo wanakumbuka. Sukari kwa foleni, sabuni kwa kipande, gloves tunazifua na kuzianika kwenye kamba kama soksi.

Halafu ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa, mitumba ikashuka, na mabasi ya watu binafsi yakaanza kukimbizana barabarani. Abiria wenyewe walikuwa wanashangilia dereva wao akimpita mwenzake. Sisi ndio tulikuwa tunakwenda kuokota matokeo.

Siku ya ajali ninayoisema ilikuwa mchana, upande wa kuelekea Hedaru. Upepo wa Same mnaujua, ukianika shati bila kibanio utalifuata kwa jirani. Tulikuta basi limelala ubavu. Tukatoa wa kutoa.

Mama mmoja wa makamo alikuwa amebanwa kuanzia kiunoni. Hatukuweza kumtoa mpaka ipatikane jeki kubwa ya lori, na jeki ilikuwa imefuatwa mjini. Dawa ya maumivu hatukuwa nayo.

Nikapiga magoti, nikapitisha mkono wa kushoto dirishani. Akanikamata kwenye mkono wa shati, karibu na kiwiko.

Akaniambia, "Baba, usiniache."

Nikamjibu, "Sikuachi mama. Nipo. Sikuachi."

Nilirudia maneno hayo muda wote, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Jeki ilipofika alikuwa ameshakata roho. Vidole vyake havikufunguka, ikabidi nesi alikate shati langu kwa mkasi. Hakuwa na kitambulisho, hakuna ndugu aliyejitokeza. Tukamzika makaburi ya mji, mimi mmoja wa waliomshusha. Kile kipande cha shati alikwenda nacho.

Nikarudi kazini kesho yake. Enzi hizo hapakuwa na mambo ya counselling. Unaambiwa "jikaze mwanaume", basi.

Sasa wakuu, hapa ndipo kasheshe ilipoanza.

Nilikuwa sokoni nanunua vitunguu, jua la utosi, nikavutwa mkono wa shati. Kushoto. Nikageuka nikidhani ni mtu ninayemjua. Hakuna mtu. Muuza vitunguu akaniuliza, "Vipi kaka, umesahau kitu?"

Nikasema ni upepo.

Ikawa kila siku. Kanisani, kazini, nikiwa nakunywa chai. Kuvutwa kidogo tu, kama mtu anayetaka kukuuliza jambo kwa adabu. Nikaanza kuvaa mikono mifupi. Nikawa navutwa ngozi.

Baadaye ukaja uzito. Mkono wa kushoto ukawa mzito kama nimebeba mtu upande mmoja, nikawa natembea nimeinama. Watoto wa mtaani wakanipa jina, silitaji hapa. Usingizi ukakatika. Nikisikia honi ya basi, jasho linanitoka mpaka nakaa chini.

Daktari alinipa vidonge vya kulala. Mchungaji akaniombea. Wenzangu wakasema nina pepo, tena walisema kwa sauti ya chini maana wimbo wa kupunguza wafanyakazi ulikuwa umeshaanza, na mhudumu mwenye pepo angekuwa wa kwanza kwenda nyumbani.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni mtoto.

Mke wangu Namsifu alijifungua binti wetu wa kwanza. Nilipokabidhiwa nimbebe, yule mtoto akawa mzito. Sisemi mzito wa kitoto. Mzito kama maiti, na baridi ileile, kwenye mikono yangu hii. Nilimrudisha haraka kabla sijamwangusha. Nikajaribu kesho yake, vilevile. Nikajaribu wiki iliyofuata.

Mtoto akaanza kukaa, mimi sijaweza kumbeba. Nilikuwa namwangalia kwa mbali kama mgeni. Nililia sana enzi hizo, nasema wazi, nililia chooni nikiwa nimefungulia maji.

Siku moja Namsifu akaniambia, "Baba Neema, mtoto hajui harufu yako. Twende kwetu."

(Nimerudi wakuu, nilikwenda kufungia mbuzi.)

Kwao ni Vudee, juu kabisa. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli kweli. Tulipomweleza tumekuja kwa shangazi yake, Bibi Nakundwa, alisema, "Mimi sijasikia, na Jumapili msinikumbushe." Akachukua jembe akaenda shamba.

Bibi Nakundwa alikuwa mdogo wa umbo, mkali wa macho, hana mbwembwe za waganga. Hana tunguri, hana kaniki. Alikuwa anatibu watu wa aina moja tu: walioshika wafu wa wenzao. Wachimba makaburi, vijana waliorudi vitani, watu kama mimi. Dawa yake ni mzizi. Msiniulize jina, silijui, na ningelijua nisingeliandika.

Lakini dawa peke yake haitoshi kwa Wapare. Na hapa watani zangu mnisamehe. Mpare atauza ng'ombe afungue kesi ya kuku, akishinda anakwambia ng'ombe si kitu, kitu ni haki. Basi hata mizimu yao inakwenda kwa utaratibu. Kama marehemu anakusumbua, ana shauri na wewe. Kama ana shauri, likae baraza lisikilizwe. Wewe unakunywa dawa ili umwone mlalamikaji, wazee wanakaa bila kunywa ili waamue.

Mwenyekiti alikuwa mjomba wa mke wangu, Mjomba Eliamani, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo.

Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mlalamikaji nani?"

"Mama mmoja wa ajalini, marehemu."

"Jina?"

"Silijui, mjomba."

Akamwangalia bibi, bibi akamwangalia yeye. Akasema, "Shauri limeahirishwa. Hatumwiti mtu barazani kwa kusema wewe mama."

Wakuu, nilikasirika! Nimepanda mlima wote ule na mkono unaning'inia, naambiwa kesi imeahirishwa. Lakini Bibi Nakundwa alinisindikiza hadi njiani, akaniambia, "Mwanangu, uliyemshika humjui hata jina. Huoni kama hapo pana kasoro?"

Nikashuka nalitafuta jina.

Kondakta wa lile basi alipona, akawa anauza karanga stendi ya Same, anatembelea gongo. Nikamweleza yule mama alivyokuwa. Akaacha kufunga karanga.

"Yule wa mchele? Huyo wa Maore. Kila tukisimama ananiita niangalie gunia lake. Mwanaisha."

Nikaenda Maore kwa kupitia Kisiwani. Sikupata shida, ukiuliza Mwanaisha muuza mchele unaonyeshwa. Nikampata kaka yake, Ramadhani, yuko majarubani. Nilipomwambia nilikuwa ajalini, alitoka kwenye matope akaja kukaa nami chini.

Habari ya ajali ilimfikia watu wakiwa wameshazikwa. Alikuja Same, akazunguka, hakupata wa kumwonyesha kaburi kwa sababu hakuna aliyejua dada yake ni yupi. Walimsomea dua bila kujua alipolala.

"Alisema chochote?" aliniuliza.

Nikamwambia maneno yote mawili, lake na langu, na habari ya baraza linalomngoja dada yake Vudee. Akautazama mkono wangu wa kushoto kwa muda. Akaniambia, "Twende."

Nilimpeleka makaburini kwanza. Nikamwonyesha. Sitaelezea alivyolia. Halafu tukapanda mlima pamoja, na njia nzima alitembea kuliani kwangu. Njia ikiwa nyembamba alibaki nyuma, lakini kushotoni hakuja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Naona upande huo umeshajaa."

Niliongeza mwendo wakuu.

Siku ya baraza ukungu ulishuka mapema. Wanaoijua Vudee wanajua ukungu wake, unaingia ndani kama ng'ombe wa nyumbani. Ilikuwa mchana lakini bibi aliwasha kibatari. Tulikaa jikoni kwake: Mjomba Eliamani, Ramadhani, Namsifu na mtoto, bibi, na mimi. Mbele yangu kigoda kitupu cha mlalamikaji. Pembeni mtungi wa dengelua, pombe yao ya miwa, ambayo hunywewa shauri likiisha.

Bibi alinihoji kuliko daktari. Moyo unanienda mbio nikipanda mlima? Nimekunywa pombe? Nimemeza vile vidonge vya kulala? Alisema ana watu aliowarudisha mlangoni, na kuna kijana aliuiba mzizi akaunywa peke yake porini, akakutwa siku nyingine amekufa chini ya jabali. Nawaomba vijana msome hapo mara mbili.

Kikombe kilikuwa kidogo. Chungu kuliko mwarobaini. Nilitapika, nikaona aibu, bibi akasema ndivyo inavyotakiwa.

Mwanzo hakuna kitu. Halafu punje za makande zikaanza kupumua. Nawaambia mahindi yalikuwa yanapanda na kushuka kama vifua vya watoto waliolala. Moshi ukasimama wima, ukaacha kwenda popote. Sauti ya Mjomba Eliamani nikawa naisikia kwenye meno.

"Mwanaisha wa Maore, baraza linakuita."

Ukungu ukaingia mlangoni, chini chini, ukafika kwenye kigoda. Na kwenye kigoda akakaa mtu.

Hakuwa kama nilivyomwacha. Alikuwa mkavu, khanga safi, makapi ya mpunga kwenye nywele kama mtu aliyetoka kupepeta. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, alikuwa amechoka tu.

Nikatazama mkono wangu wa kushoto nione vidole vyake vimenishika wapi.

Havikuwepo. Mkono wake ulikuwa wazi, umelala magotini. Mkono uliofumba ni wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimemkamata, juu ya kiwiko, vidole vimezama.

"Mlalamikaji aseme," Mjomba alisema.

Akasema, "Nilimwomba asiniache. Hakuniacha, Mungu amlipe mema. Lakini muda wangu wa kwenda umeshafika na bado kanishika. Kila nikigeuka niende, mkono wake. Namvuta shati nimwambie, hanisikii. Nimechoka, wazee. Mwambieni aniachie."

Muda wote ule nilidhani ninasumbuliwa. Kumbe msumbufu ni mimi.

"Mshtakiwa, ni kweli?"

"Nilimwahidi, mjomba."

"Hukuulizwa habari ya ahadi. Umemshika, hujamshika?"

"Nimemshika."

"Mwachie."

Nikajaribu. Vidole havikufunguka. Nikavuta mpaka bega likalia. "Siwezi," nikasema. "Nikimwachia atakufa."

Hakuna aliyecheka. Bibi Nakundwa akamwambia Namsifu, "Mlete mtoto."

Namsifu akaja, akamweka binti yetu kwenye mkono wangu wa kulia. Mkono mmoja tu. Uzito ukaja, baridi ikaja, vilevile kama siku zote. Akaanza kuteleza. Kichwa chake kilipita kiwiko changu, na chini palikuwa na mafiga na sufuria inayochemka.

Nikapiga kelele, "Mchukueni!"

Hakuna aliyenyanyuka. Namsifu alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwangu, mikono ameishika nyuma, machozi yanamtoka, na hakusogea. Miaka yote ya ndoa yetu sijaona mtu akifanya jambo gumu kama lile.

Mtoto akateleza tena.

Nikamwachia Mwanaisha.

Sikuamua wakuu, mkono uliamua wenyewe. Ukafunguka, ukaja kumdaka mwanangu, nikamkumbatia kwa mikono miwili kifuani. Alikuwa wa moto. Alikuwa na uzito wake, ule wa mtoto, si zaidi. Akaniangalia, akashika sikio langu, akanikojolea.

Nililia kwa sauti jikoni mle kama mtu wa msibani.

Nilipoinua macho kigoda kilikuwa kitupu. Ukungu ulikuwa unatoka mlangoni, na nilisikia nyayo za mtu asiye na haraka zikiteremka kwenye kijia. Ramadhani alinyanyuka akafika kizingitini, akasimama pale akiangalia nje. Yeye hakuwa amekunywa dawa. Sijawahi kumuuliza alisikia nini, na hajawahi kuniambia.

Dawa ilipotulia nikakuta kwenye kile kigoda kuna makapi ya mpunga. Vudee hailimwi mpunga. Mjomba Eliamani alisema labda yametoka kwenye nguo za Ramadhani. Labda. Ila Ramadhani alikaa upande wa pili, na kigoda kile hakukisogelea.

Hukumu ilimsumbua sana Mjomba. Alisema katika kazi yake yote hajapata kuona shauri lisilo na aliyeshindwa, akataka hata kuliahirisha ili alifikirie. Bibi akamwambia amimine pombe. Ramadhani akanywa chai.

Msidhani ikaisha siku ile. Nilirudi kwa bibi mara kadhaa bila dawa. Ananikalisha tunachambua maharage, ananiambia nisimulie ajali tangu mwanzo. Nikiruka mahali, ananirudisha. Alisema dawa inafungua mlango tu, kufagia ni kazi ya mwenye nyumba. Honi za mabasi ziliendelea kunitoa jasho muda mrefu, na mpaka leo sipendi. Lakini mkono haukuvutwa tena, na nilifanya kazi ile mpaka nikastaafu.

Kitu kimoja nilikibadilisha. Sijawahi tena kumwambia mtu aliyebanwa "sikuachi". Nasema "nipo hapa". Na kila kijana aliyekuja kufundishwa kubeba machela chini yangu nilimwambia: muulize jina kwanza. Walidhani ni ya ripoti.

Nilichojifunza, kwa akili yangu ya darasa la saba: anayeokoa watu naye anabaki na mtu mkononi. Kumwambia ajikaze ni kumwambia azidi kukaza ngumi. Mpeni mahali pa kusemea, na watu wa kukaa naye wakiwa na akili timamu. Sishawishi mtu anywe mzizi. Bibi Nakundwa alishafariki na hakumrithisha mtu, kwa hiyo msije PM kuniomba namba. Hao wazungu na makochi yao nawatakia heri, ila naona hawajaweka kigoda cha pili.

Kama humu kuna watu wa zimamoto, trafiki, manesi, au mliowahi kusimamisha gari kwenye ajali mkamshika mtu mkono, semeni nanyi. Hata kwa ID fake. Na Wapare mnaotaka kunishtaki kwa utani wangu, taratibu mnazijua, leteni jina kamili.

Neema mwanangu, najua unapita humu kusoma. Baba hakukubeba mpaka ulipoanza kukaa, na hukuwahi kuuliza kwa nini picha zako za uchanga zote umeshikwa na mama. Sasa umejua. Jumapili ukija, usinisalimie mlangoni kwa haraka. Simama kidogo upande wa kushoto, mkono ule sasa uko wazi.